Apu ya kulipia, karatasi za fotokopi na simu ya mwalimu: wiki 9 nyumbani na wa la kwanza na wa la tatu

Nimeifuta jana usiku. Watoto wamelala, nimekaa sakafuni na tableti, nikabonyeza futa, ikaniuliza "Je, una uhakika?" nikaijibu kwa sauti kabisa kwamba ndio, ninao. Ila hela ya mwezi walishaikata asubuhi yake kwahiyo hapo wameniwahi.

Naandika hii rivyu kwa sababu najua kuna mtu saivi yuko pale pale nilipokuwa mimi wiki ya kwanza. Shule imefungwa, una mtoto wa miaka sita au saba ndo kwanza ameanza kuunganisha silabi, una kazi zako, simu inaita, unaona tangazo la mtoto amevaa hedifoni anachekelea tableti huku mama yake kwa nyuma katulia na kikombe, unajisemea haya bwana, na mimi nakitaka hicho kikombe. Unalipa. Mimi nililipa. Jina la apu silitaji, yaliyonikuta yamenikuta mimi, na kusema ukweli nyingi zimeshonwa kwa kitambaa kimoja, ukijua pa kushika utaijua tu.

Wanangu wawili, mkubwa yuko la tatu, mdogo la kwanza. Tumetumia apu, tumetumia zile karatasi za fotokopi ambazo shule iligawa kwenye bahasha, tumesikiliza redio, tumejaribu madarasa ya vidio, na kuna simu ya mwalimu ambayo hata sio bidhaa ila nikiiacha hii rivyu itakuwa uongo.

Naanza na apu maana ndo iliyokula hela.

Siku tatu za kwanza raha tupu, siwezi kuwanyima haki yao. Mtoto anachagua kikatuni chake, anakivalisha kofia, akipata jibu kikatuni kinapiga sarakasi. Mdogo alikaa dakika 40 hajaniita hata mara moja, mimi nikamaliza kazi zangu zote, nikamwambia baba yao hii kitu ni ya maana, nikarusha na linki kwenye grupu la familia. (Ndugu zangu mnisamehe.)

Wiki ya pili nikaja kusimama nyuma ya mkubwa yeye hajui. Swali limetokea juu, chini kuna viboksi vinne vya majibu. Anabonyeza cha kwanza, "Jaribu tena!" Anabonyeza cha pili, "Jaribu tena!" Cha tatu, nyota zinamwagika, kikatuni kinaruka. Swali lingine, hivyo hivyo. Yaani macho yake hayakupanda hata kidogo kwenda kwenye swali, anavipitia viboksi toka kushoto kwenda kulia kama mtu anayejaribu funguo kwenye kitasa kisicho chake. Nikamuuliza we mbona husomi? Akanijibu bila kugeuka, "Mama, ukikosea haikupunguzii nyota." Mtoto wa miaka 9, ameshaielewa biashara kabla yangu mimi mlipaji.

Nikaenda kufungua ile ripoti ya mzazi. Masomo 61 yamekamilika. Nyota sijui ngapi. "Hongera! Mwanao anasonga mbele kwa kasi!" Hakuna mahali popote wameandika alibonyeza mara ngapi ndo akapata, na ukifikiria, hiyo ndo habari pekee niliyokuwa naihitaji. Kwahiyo mimi saivi mtu akiniuliza apu gani nichukue simjibu jina, namwambia ingia kwenye ile wiki ya bure, kaa peke yako, jibu vibaya makusudi mara tano halafu uone inakufanyaje. Kama inakuonyesha kwa nini umekosea, au inarudi nyuma inakupa swali rahisi zaidi la aina ile ile, au inakuwekea vitu vya kuhesabu, endelea nayo. Kama inasema tu jaribu tena na mwishoni unabeba nyota zile zile, hilo ni gemu. Gemu halina ubaya, wacheze tu, ila usililipie mshahara wa mwalimu.

Sasa mdogo. Hapa ndo niliumia.

Apu ina kitufe cha Kiswahili, wamekitangaza sana. Nikakiwasha. Maandishi yamekuwa Kiswahili cha kubahatisha ("Gusa ili kushinda tuzo lako") lakini sauti ni ya mashine ambayo nadhani haijawahi kukutana na Mswahili maishani mwake, "mtoto" inasoma "emu-toto", na ng'ombe sitaki hata kuielezea, tulicheka mpaka tukaikariri, mpaka leo hapa nyumbani ng'ombe tunamwita hivyo. Kicheko kikaisha nilipoona inavyofundisha kusoma. Mdogo shuleni walishamwanzisha kama sisi wote tulivyoanzishwa, a e i o u, halafu ba be bi bo bu, ma me mi mo mu, unaunganisha, ba-ta, bata, me-za, meza. Kiswahili kwenye hilo kina huruma jamani, kinavyoandikwa ndivyo kinavyosomwa, mtoto akizishika silabi kazi imebaki kidogo. Apu yenyewe ikaanza kumwimbisha majina ya herufi kwa Kiingereza, ei, bii, sii, na picha ya tufaha. Asubuhi moja namwandikia "bata", neno alilokuwa analisoma vizuri kabla shule haijafungwa, ananitazama, anaweka kidole, anasema "bii... ei... tii... ei" halafu kimya, ananiangalia usoni. Anasubiri kikatuni kiruke.

Nilikata boksi la viatu usiku ule ule nikatengeneza kadi za silabi kwa kalamu ya wino mzito. Ilituchukua siku kama sita kumrudisha kwenye reli. Kadi zile zimechakaa saivi, ya "nywa" imeliwa kona, na ndo kitu kilichofanya kazi kuliko kingine chochote kwa mdogo, na hakina chaji wala apdeti.

Maana na chaji nayo ni mada. Tableti moja, watoto wawili, mmoja anasoma mwingine anamhesabia dakika. Vidio za somo zinakula bando kimya kimya. Notifikesheni saa mbili usiku, "Rafiki yako amekukosa leo!" na mtoto aliyekuwa ameshalala nusu anaamka anataka kwenda kumwona rafiki. Nani aliyewaza hiyo, ana watoto kweli?

Sisemi apu zote ni hivyo, nisije nikaeleweka vibaya. Khan Academy Kids ni ya bure kabisa, haina matangazo, imetengenezwa kwa watoto wa miaka 2 mpaka 8, na kama mtoto yuko kwenye kujifunza Kiingereza ni nzuri, tuliiweka kwa ajili hiyo tu tukaipangia muda wake. Kwa kusoma Kiswahili tulihamia African Storybook, huko kuna hadithi za bure za Kiswahili zimeandikwa kwa viwango, za mwanzo kabisa ni sentensi moja fupi kila ukurasa na picha kubwa, unapakua ukiwa na intaneti halafu unasoma hata bando likiisha. Haina nyota, haina sarakasi. Tunasoma jioni, mdogo anasoma, mkubwa anamsahihisha na kiburi chake cha la tatu, wanagombana kidogo, wanaendelea.

Madarasa ya vidio niliahidi kwa grupu la wazazi kwamba sitayasema vibaya kwahiyo nasema tu hivi: watoto zaidi ya 30 wa la kwanza, wote wana maiki, mmoja kampeleka paka mbele ya kamera, na somo la siku ile ilikuwa ni nani anamjua huyo paka. Mwalimu alijitahidi mpaka mwisho, Mungu ampe nguvu.

Redio nilikuwa naidharau, nakiri. Nilidhani ni mtu anasoma kitabu kwa sauti nzito. Kumbe vile vipindi vilivyotengenezwa vizuri mtangazaji anauliza swali halafu ananyamaza, ananyamaza kweli, sekunde kadhaa hewani hakuna kitu, mtoto anajibu kwa sauti huko aliko, halafu ndo jibu linatoka. Mtindo huu sio wa jana, Nicaragua walikuwa wanafundisha hesabu kwa redio namna hiyo tangu miaka ya 1970. Wanangu walikuwa wanaipigia redio kelele kama mpira. "Kumi na nne!" "KUMI NA NNEEE!" na ikitoa kumi na nne wanapongezana kwa mikono. Ubaya wake ni ule ule wa basi la asubuhi, ukichelewa limeondoka, na haikujui wewe binafsi, umejibu kumi na tatu yenyewe inasema vizuri sana tuendelee. Lakini kwa kitu cha bure kinachomfanya mtoto aongee badala ya kubonyeza, mimi naipa heshima yake. Kama vipindi vipo kwenye redio unayoipata, andika ratiba ukutani na kalamu iwe mkononi.

Haya, bahasha.

Bahasha ya shule ilikuwa na kurasa kama 30 kwa kila mtoto, fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, zimebanwa pini moja kona ambayo ilitoka siku ya kwanza. Hakuna rangi. Maelekezo yameandikwa kwa lugha ya mwalimu kwa mwalimu, "mwanafunzi abaini," sasa mwanafunzi wa la kwanza atabaini vipi wakati hayo maelekezo yenyewe hawezi kuyasoma, ni lazima mtu mzima akae. Na majibu ya kusahihishia hayakuwekwa, sijui walituamini au walisahau. Ukurasa wa 14 wa mdogo unasema "Hesabu wanyama, andika jina na idadi" na picha zimefifia kiasi kwamba kuna safu nzima ya viumbe hatujajua mpaka leo ni mbwa au ni mbuzi. Nikasema hawa kweli ndo wa kushindana na kikatuni kinachoruka sarakasi?

Lakini karatasi ina kitu kimoja, kosa linabaki pale. Hulifuti kwa kubonyeza boksi la pembeni. Mkubwa alinipa ukurasa wa kutoa, nikakuta 52 − 37 kaandika 25. Chini yake 61 − 48 kaandika 27. Chini yake 83 − 56 kaandika 33. Nikachukua kalamu nyekundu, kosa, kosa, kosa, nikamwambia wewe hauko makini, rudia. Akarudia. 25, 27, 33. Nikapandisha sauti. Akarudia huku machozi yanadondokea karatasi, 25, 27, 33.

Yaani nilikuwa nimeshakuwa ile apu. "Jaribu tena!" Na hata nyota sitoi.

Mwalimu wake wa darasa alikuwa anapiga simu mara moja kwa wiki, kila mtoto dakika kumi kumi na tano hivi, kwa simu yake mwenyewe, na nilikuja kujua baadaye kwamba na vocha ilikuwa ya kwake. Sio apu, sio vidio, ni simu ya kawaida ya kuweka sikioni. Alhamisi hiyo akapiga, mtoto akasalimia, "Shikamoo mwalimu," "Marahaba mwanangu, umeshafika ukurasa wa kutoa?" Akasema ndio. Mimi nikadandia pale pale nikasema mwalimu huyu ananisumbua, hatulii. Akaniambia taratibu, "Mama, hebu mwache anisomee alivyofanya, namba kwa namba." Mtoto akaanza, hamsini na mbili toa thelathini na saba, naanza huku kwenye mamoja, mbili toa saba haiwezekani. Mwalimu: "Enhe, ukafanyaje?" "Nikafanya saba toa mbili, ikawa tano. Halafu tano toa tatu, mbili. Ishirini na tano."

Kimya kidogo. Mwalimu akacheka, kicheko cha mtu aliyeona kitu anachokifahamu, akasema "Umefanya vizuri kujua kwamba haiwezekani, sasa tutaiwezesha."

Mimi nimesimama na kalamu nyekundu mkononi. Majibu matatu yote yalikuwa kosa moja. Mtoto hakuwa mzembe hata kidogo, alikuwa na kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu, kila penye kidogo juu na kikubwa chini anageuza. Ningemrudishia ile karatasi mara mia angeniletea 25 mara mia, na ile apu ingempa nyota kwa kubahatisha kiboksi cha tatu.

Mwalimu akamwambia tafuta vijiti, vifunge kumi kumi kwa uzi. Tukachukua vijiti vya kiberiti. Hamsini na mbili, mafungu matano na vijiti viwili vya peke yake. Sasa toa saba, vipo viwili, havitoshi, basi fungua fungu moja. Akakata uzi mwenyewe, vikamwagika mezani, akavihesabu, kumi na viwili. Toa saba vimebaki vitano. Mafungu yamebaki manne, toa matatu, limebaki moja. Akaangalia mezani fungu moja na vijiti vitano akasema polepole "kumi na tano," halafu kwa nguvu, "Mama! Ndo kukopa huku?" Ameimba "kukopa" darasani muhula mzima kumbe lilikuwa neno tu. Zile nyingine mbili alizifanya bila kuniita, 13 na 27.

Baada ya hapo nikawa na hamu ya kujua kama kuna mtu ameshapima hii kitu ya simu, na wapo. Botswana, 2020, shule zilipofungwa kwa korona, watafiti walichukua familia zaidi ya 4,000 zenye watoto wa msingi, wengine wakapata SMS ya hesabu kila wiki, wengine SMS pamoja na simu ya mwezeshaji ya kama dakika 20, wengine hawakupata kitu. Waliopigiwa simu ndo waliosonga mbele kwenye hesabu, SMS peke yake haikufua dafu. Na hapo tunaongelea simu za kawaida za batani.

Kwahiyo nikaanza kuiga. Siku ambazo mwalimu hapigi nakuwa mwalimu wa bandia, nakaa, namwambia nisomee ulivyofanya namba kwa namba, na ninaziba mdomo. Kuziba mdomo ndo kazi ngumu. Dakika 20 kwa mkubwa, 15 kwa mdogo, asubuhi kabla kichwa changu hakijajaa, halafu wanaenda kucheza, na kama siku imeharibika tunafanya kadi za silabi tu wakati wa kufunga viatu. Kuna siku hatukufanya kitu kabisa, nisiwadanganye, wiki ya saba nilikuwa na kazi za watu zimechelewa, watoto walisoma maandishi ya kwenye maboksi na chupa za sabuni na nikaihesabu kama somo.

Na nijue kusema pia, mimi nafanyia kazi nyumbani. Mzazi anayetoka alfajiri anarudi usiku hana hizo dakika 20, na kumwambia kaa na mwanao ni kumtukana. Kwake huyo redio na dada au kaka wa la sita anayejua kusoma ni msaada kuliko apu, mpe yule mkubwa kazi ya kuuliza "ulifanyaje" na umwambie asitoe jibu. Kwangu mimi mkubwa alivyoanza kumfundisha mdogo vijiti ndo nilijua na yeye mwenyewe kaelewa, maana alikuwa anaiga mpaka kicheko cha mwalimu.

Nyota zangu basi, maana rivyu bila nyota watu wanalalamika. Apu ya kulipia, mbili, na moja kati ya hizo ni ya zile siku tatu nilizomaliza kazi. Redio tatu na nusu. Hadithi za bure nne. Kadi za boksi la viatu siwezi kujipa mwenyewe. Simu ya mwalimu tano, na mwenye shule akisoma hapa amrudishie yule mwalimu hela yake ya vocha.

Bahasha nayo ilikuwa inaenda kupata nne nikakumbuka ukurasa wa 14 nikaishusha mpaka tatu. Mdogo aliukaa huo ukurasa muda mrefu sana siku ile, anaisogeza karatasi karibu na dirisha, anaigeuza, anamuuliza kaka yake, kaka yake anasema mbwa, mimi nasema mbuzi. Mwisho akahesabu, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa unaopanda mlima, "mnyama 6". Tulirudisha bahasha shuleni Jumatatu, ikarudi Ijumaa, na pale kwenye mnyama 6 mwalimu ameweka tiki.